Mlima wa Kamachumu na gari la ndoto ya baba

Bukoba. Asubuhi ya Jumamosi mjini Bukoba huanzia ziwani. Ukungu unakuwa bado haujainuka juu ya Ziwa Victoria, wavuvi wa Nyamkazi wanavuta mitumbwi yao, na Mto Kanoni unamwaga maji ya mvua ya usiku ziwani. Juu ya kilima upande wa kusini, kanisa la Bunena linaanza kuonekana taratibu.

Saa 1 asubuhi, katika nyumba moja ya Kashai, buti la gari linafunguliwa. Sukari kilo tano, sabuni ya mche, mafuta ya taa, dawa za presha za bibi, na mpira wa mtoto ambaye hasafiri bila mpira. Familia inakwenda Kamachumu wilayani Muleba kumwona mama yake baba, kama inavyofanya karibu kila mwezi.

Gari lenyewe si la kawaida. Ni Toyota Mark II Tourer V ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ya otomatiki, yenye injini ya 1JZ-GTE: silinda sita, lita 2.5, na tabo. Lilipotoka kiwandani lilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho kampuni za magari za Japani zilikubaliana zenyewe kwa miaka mingi kutokitangaza zaidi ya hapo. Baba huyo, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, aliliona gari la aina hiyo kwa mara ya kwanza akiwa kijana asiye na hata baiskeli. Alipolipata, lilikuwa na umri mkubwa kuliko mtoto wake wa kwanza.

Mke wake, mwalimu wa historia, hakupinga. Alitoa sharti moja tu: gari hilo liwe la familia, lisiwe la baba peke yake. Ndiyo maana siku za kazi huliendesha yeye kwenda shuleni, na ndiyo maana kilichotokea mlimani wakati wa likizo ya Pasaka kilikuwa jambo la nyumba nzima.

Kutoka ziwani kwenda juu

Barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, takriban kilomita 70, ni ya lami na ina uzuri wake. Inauacha mji, inapita Rwamishenye, inapanda kutoka usawa wa ziwa, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Kisha inaingia katika nchi ya migomba.

Anayepita kwa mara ya kwanza huona kijani tu. Mwenyeji huona zaidi. Kila kijiji ni kisiwa cha vibanja: migomba juu, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na nyumba katikati. Kati ya kijiji na kijiji kuna rweya, uwanda wa nyasi ambako ng'ombe hulishwa na watoto hukata nyasi za kutandika sakafuni. Ukishuka kuelekea Kemondo, ziwa linarudi tena upande wa kushoto, pamoja na bandari ambako meli ya MV Victoria hutia nanga ikitoka au ikienda Mwanza.

Ukifika Muhutwe, kuna njia mbili. Barabara kuu inaendelea kwenda Muleba mjini. Nyingine inapinda kwenda Kamachumu, na hiyo ndiyo inayopanda kweli. Ni njia ya kona na miinuko, na kwa mtu wa Kagera mvua si habari. Ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na Aprili ndio mwezi wake.

Siku hiyo ya Pasaka mvua ilikuwa nyepesi. Ndani ya gari walikuwa watano: baba kwenye usukani, mwalimu pembeni yake, na nyuma kijana wa kidato cha tatu na wadogo zake wawili. Kwenye tambarare ya Muhutwe gari lilikwenda vizuri. Mlima ulipoanza, baba alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gari halikujibu. Mshale wa mizunguko ya injini ulipanda kidogo ukasimama karibu na 1,500. Gari lilijikokota, likapunguza mwendo, kisha likasimama kabisa. Halafu likaanza kurudi nyuma.

Baba alikanyaga breki na kuvuta hendibreki. Nyuma yao, kwenye kona, lilikuwa linakuja lori la ndizi.

"Shukeni upande wa kushoto, upande wa majani, mshikane mikono," mwalimu aliwaambia watoto. Yeye na kijana waliokota mawe mawili makubwa wakayaweka nyuma ya magurudumu. Dereva wa lori aliwaona mapema, akasimama mbali, akawasha taa za tahadhari. Hakuna aliyeumia. Lakini mtoto mdogo, aliyekuwa na miaka sita, aliuliza swali ambalo baba alilibeba hadi nyumbani: "Baba, si ulisema gari letu lina nguvu kuliko yote?"

Kabla gari halijabebwa, mwalimu alihakikisha jambo moja. Yale mawe hayakuachwa barabarani, kama madereva wengi wanavyofanya, yakamsubiri mwendesha bodaboda wa usiku. Kijana aliyaviringisha hadi kwenye nyasi, mbali na lami.

Feni mbili zinazotazamana

Gari lilirudi Bukoba juu ya gari la kubebea magari mabovu. Fundi ndiye aliyesisitiza hivyo kwa simu. Gari la otomatiki likivutwa kwa kamba umbali mrefu, magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, vyuma vya gia boksi huzunguka huku pampu ya oili imelala, na gia boksi inaweza kuungua bila injini hata kuwashwa.

Gerejini, fundi hakuanza kwa kufungua bolti. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakifuta kwa kitambaa cheupe na kukinusa. Kiwango kilikuwa sawa. Rangi ilikuwa imeacha kuwa nyekundu, imekuwa kahawia, na harufu ilikuwa kama ya mkate uliounguzwa. Kisha aliuliza maswali ambayo daktari mzuri angeuliza: Likianza kuondoka ni zito? Likishika kasi kwenye tambarare linakuwa sawa? Injini yenyewe inakosa?

Majibu yalikuwa: ndiyo, ndiyo, na hapana.

"Mzee, injini yako ni nzima," fundi alisema. "Tatizo liko kwenye konveta."

Toki konveta ndicho kitu kinachosimama mahali pa klachi katika gari la otomatiki. Ni duara la chuma linalofanana na andazi kubwa, limefungwa kati ya injini na gia boksi, na ndani limejaa oili. Fundi alilieleza kwa kutumia feni mbili za mezani. Ukiziweka zitazamane, ukawasha moja tu, upepo wake utaizungusha ile nyingine ingawa hazigusani. Ndani ya konveta, feni ya kwanza inazungushwa na injini, ya pili inazungusha gia boksi, na badala ya upepo kuna oili. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye foleni likiwa kwenye D bila injini kuzimika.

Lakini feni mbili peke yake hazitoshi. Katikati kuna feni ndogo ya tatu, mafundi huiita steta. Kazi yake ni kuigeuza oili inayorudi ili isukume tena kwa upande unaofaa badala ya kupingana na injini. Kwa msaada wake, gari linapoanza kuondoka, konveta huongeza msukumo wa injini, mara nyingi hadi karibu mara mbili. Steta imekalia klachi ya upande mmoja. Ikichakaa na kuanza kuteleza, ule msaada unapotea: gari linakuwa dhaifu kwenye kuanza na kwenye mlima, lakini kwenye tambarare, likishashika kasi, mtu haoni kasoro. Hiyo ndiyo hali iliyoonekana Kamachumu.

Ili kuthibitisha, fundi alifanya jaribio la stoli. Aliweka vizuizi kwenye magurudumu yote, akaondoa watu mbele na nyuma ya gari, akakanyaga breki kwa nguvu na kuvuta hendibreki, akaweka D na kukanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde zisizozidi tano. Mshale uliposimama, ulikuwa chini sana ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo. Kwa injini nzima, kiwango cha chini namna hiyo humaanisha steta inateleza. Mshale ungepita juu ya kiwango, tatizo lingekuwa kwenye klachi za gia boksi au upungufu wa oili. Jaribio hilo si la kufanyiwa nyumbani. Ukizidisha sekunde chache, unaweza kuharibu kilichokuwa kizima.

Kifaa hicho, kwa asili, hakikutengenezwa kwa ajili ya gari. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alipata hataza yake mwaka 1905. Alikuwa anatafuta njia ya kuunganisha tabaini za mvuke zenye kasi kubwa na propela ya meli, ambayo hutakiwa kuzunguka taratibu. Magari yalikuja baadaye. Nchini Marekani, Buick ilianza kuuza magari yenye konveta katika gia boksi ya Dynaflow mwaka 1948. Kwa watu wanaokaa wakitazama meli, si habari mbaya kujua kwamba kitu kilichowakwamisha mlimani kilianzia majini.

Chaguo nne mezani

Kujua ugonjwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa ni konveta gani inunuliwe, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Chaguo la kwanza lilikuwa konveta iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Bukoba iko karibu na mpaka wa Mutukula, na wengi hutafuta spea Kampala, kwenye soko la Kisekka, au huagiza Kariakoo jijini Dar es Salaam. Bei ni nafuu. Hatari yake ni mbili. Kwanza, hakuna anayejua konveta hiyo imeungua mara ngapi. Pili, muuzaji anaweza kutoa ya Mark II nyingine, kwa mfano ya GX100 yenye injini ya lita mbili isiyo na tabo, na kusema zote ni za Mark II. Hata kama bolti zitakubali, konveta iliyopangwa kwa injini dhaifu ikifungwa kwenye injini yenye nguvu itateleza zaidi kabla ya kushika.

Chaguo la pili lilikuwa kuifufua ileile. Kazi hiyo inawezekana, lakini si ya kila gereji. Konveta hukatwa kwa mashine, hubadilishwa sili, beringi na klachi, huchomelewa tena, hupimwa kama inavuja, na mwisho husawazishwa ili isitetemeke ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Fundi alikuwa mkweli. "Mimi nina mashine ya kuchomea, sina ya kusawazisha," alisema. "Nikikuchomea hapa, utaniletea gia boksi nzima baada ya mwezi." Fundi anayekubali kazi asiyo na vifaa vyake huwa na bei nzuri siku ya kwanza tu.

Chaguo la tatu lilikuwa la kijana. Alikuwa ametazama video nyingi za magari ya aina hiyo na akajua neno ambalo baba yake hakulijua: konveta ya stoli ya juu. Kiwango cha stoli ni ile mizunguko ya injini ambayo konveta inafikia magurudumu yakiwa yamezuiwa. Kwa magari mengi ya familia huwa kati ya 1,800 na 2,500 kwa dakika. Konveta za mashindano hufika 3,000, hata 4,000 na zaidi. "Baba, likiwa na stoli ya juu, tabo inakuwa imeshajaa kabla gari halijaondoka," kijana alieleza. "Linaruka."

Chaguo la nne lilitajwa na rafiki wa baba: ng'oa otomatiki yote, weka gia boksi ya manyuo. Hilo lilikufa mapema. Lingehitaji pedali, klachi, flaiwili, propela shafti na marekebisho ya umeme, na mwalimu angelazimika kukanyaga klachi kwenye foleni ya asubuhi kwa ajili ya ndoto ya mtu mwingine.

Kilichobaki ni mvutano kati ya konveta ya kawaida, iliyofufuliwa kiwandani na kuagizwa kwa namba ya modeli husika, na ile ya stoli ya juu ya kijana. Bei zake hazikupishana sana, na kila moja ingekula fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya ada. Kwa hiyo kukosea mara mbili hakukuwa na nafasi.

Swali la mwalimu

Ugali na samaki vilikuwa vimekwisha liwa. Baba alikuwa ameshaanza kuegemea upande wa kijana. Si rahisi kwa mwanaume aliyesubiri gari miaka ishirini kukataa neno "linaruka".

Mwalimu alikunja kitambaa cha meza, akauliza: "Baba watoto, gari hili linakwenda wapi?"

Hakuna aliyejibu mara moja, kwa sababu jibu lilikuwa linajulikana. Linakwenda shuleni. Linakwenda sokoni. Linakwenda Kamachumu, watu watano wakiwa ndani, na kurudi na ndizi, maharage na kahawa kwenye buti. Mwezi wa Novemba, msimu wa senene, hurudi na mifuko mingine zaidi. Siku bibi akizidiwa usiku, ndilo litakalompeleka Hospitali ya Ndolage. Katika mwaka mzima, hakuna siku hata moja linapokwenda kwenye mbio.

Kijana hakukata tamaa. Alimwuliza fundi kwa simu, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie, na fundi akajibu kwa haki. Stoli ya juu si upuuzi. Mtu akibadilisha tabo akaweka kubwa, injini yake huwa haina nguvu mpaka mizunguko ipande, na konveta ya kiwandani humchelewesha. Kwenye mashindano ya mbio fupi za kunyooka, stoli ya juu ina kazi yake. Lakini tabo ya gari hili ni ileile ya kiwandani, na injini hii hufikia kilele cha msukumo wake kwenye mizunguko 2,400 tu. Kuingoja ifike 3,500 ndipo konveta ishike ni kungoja kitu ambacho tayari kimefika.

Halafu kuna joto. Kila konveta inapoteleza, nguvu inayopotea haipotei hewani. Inageuka joto ndani ya oili. Hesabu yake si ngumu, na kijana aliifanya mwenyewe kwenye daftari la fizikia. Gari, abiria na mizigo, jumla kilo 1,900, likipanda mwinuko wa asilimia 10 kwa kilomita 50 kwa saa, pamoja na upinzani wa barabara na upepo, linahitaji takriban kilowati 30 zifike kwenye magurudumu. Konveta ikiteleza kwa asilimia 20, injini italazimika kutoa zaidi ya kilowati 37, na zaidi ya kilowati 7 zitaishia kuchemsha oili. Hiyo ni sawa na karibu birika nne kubwa za umeme zilizowashwa pamoja chini ya miguu ya dereva, dakika baada ya dakika, hadi mlima uishe. Konveta ya stoli ya juu, kwenye mwendo huo wa polepole na mzigo huo, huteleza zaidi ya hapo.

Oili ya gia boksi hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi joto 80 hadi 95 hivi. Ikipita 120 na kukaa huko, huzeeka haraka sana, sili hukauka, klachi huungua. Harufu ya mkate uliounguzwa ilikuwa ni hadithi hiyo, imeandikwa kwa pua.

Mwalimu alisikiliza, akakumbuka safari aliyowahi kuwapeleka wanafunzi wake Katuruka, karibu na Maruku, si mbali na mji wa Bukoba. Hapo wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Peter Schmidt, walifukua mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa takriban miaka 2,000. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi wafua chuma wa eneo hili walivyoingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda.

"Wazee wa hapa walilitafuta joto kwa sababu walikuwa na kazi nalo," alimwambia mwanawe. "Wewe unataka kulipeleka mahali ambako halina kazi."

Kijana alicheka, akafunga daftari. Baba hakucheka. Alikuwa anakumbuka swali la mtoto mdogo mlimani, na gari likirudi nyuma. Kisha alisema, "Tuagize ya kawaida. Na kinachobaki kiende kwenye kupoza oili."

Moja, mbili, tatu

Konveta ilifika Juni, kijana akiwa likizo. Baba alimpeleka gerejini ashuhudie, kwa sababu mtoto aliyeshindwa hoja kwa heshima anastahili kuona hoja iliyoshinda ikifanya kazi.

Fundi hakufunga konveta mpya juu ya uchafu wa zamani. Alibadilisha chujio na oili yote, akitumia aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia, kisha akasafisha mabomba yanayopeleka oili kwenye rejeta. Konveta inapokufa hutapika unga wa chuma, na unga huo ukibaki kwenye mabomba utaiua na mpya. Mbele ya rejeta aliongeza kipoozeo kidogo cha oili, na kwenye dashibodi akaweka saa ya kupima joto lake.

Wakati wa kuingiza konveta kwenye gia boksi, alimwita kijana. "Weka mkono hapa. Izungushe polepole huku unasukuma, halafu hesabu."

Konveta ilizama kidogo kwa mlio mzito. Moja. Ikazunguka, ikazama tena. Mbili. Baada ya hapo ilionekana imefika, na mtu mwenye haraka angeanza kufunga bolti.

"Bado," fundi alisema.

Kijana aliendelea kuzungusha. Ikazama mara ya tatu.

Mlio huo wa tatu ni meno ya konveta kuingia kwenye pampu ya oili. Ukifunga kabla ya kuusikia, bolti zitaisukuma konveta kwa nguvu na kuvunja pampu siku ileile, na lawama itaangukia konveta. Fundi alipima pengo kwa rula kuhakikisha. Kijana aliyekuja akiwa na huzuni ya stoli ya juu aliondoka akiwa amejua jambo ambalo video hazikumwonyesha.

Kwa mzazi mwenye gari la namna hii

Magari ya zamani yenye nguvu yamejaa mikoani, na mengi yanaendeshwa na familia. Kabla ya kununua konveta, mambo machache yanafaa kukumbukwa.

Pima oili kwanza. Upungufu wa oili au chujio lililoziba huweza kujifanya ugonjwa wa konveta. Fundi anayetaka kushusha gia boksi kabla ya kuangalia kijiti cha oili, mwombe aanze na kijiti.

Agiza kwa namba ya injini na gia boksi, si kwa jina la gari. Mark II ni nyingi, na Subaru, Chaser na Altezza nazo zina matoleo mengi.

Chagua kiwango cha stoli kinachoendana na injini ilivyo sasa na kazi ya gari. Kama tabo ni ya kiwandani na safari ni za milima na mizigo, konveta ya kiwango cha kiwandani ndiyo yenye faida. Hakikisha ina klachi ya kufunga, ile inayounganisha injini na gia boksi moja kwa moja kwenye mwendo wa kasi, kwani hupunguza joto na kuokoa mafuta.

Mlimani, zima O/D au weka gia ya 3 au 2 mapema, kabla gari halijachoka. Injini itazunguka zaidi, lakini konveta itateleza kidogo. Wakati wa kushuka fanya hivyohivyo, ili injini isaidie breki.

Na usiache mawe barabarani.

Kamachumu, Juni

Jumamosi iliyofuata, gari lilipanda tena kutoka Muhutwe. Mvua haikuwapo, Juni huanza kukauka, na rweya ilikuwa inaanza kugeuka rangi. Safari hii mwalimu ndiye aliyeshika usukani, baba akiwa abiria, jambo ambalo nyuma lilizua minong'ono.

Mlima ulipoanza, alizima O/D na kukanyaga mafuta taratibu. Gari lilishika. Halikuruka. Lilipanda kama mtu anayejua njia ya kwao, kona baada ya kona, na kijana, aliyepewa kazi ya kusoma saa ya joto, alitangaza kila baada ya muda: "Themanini na sita. Themanini na nane. Tisini." Kileleni lilikuwa tisini na moja, na kisha likaanza kushuka.

Bibi alikuwa amekaa barazani. Alipokea shikamoo za wajukuu mmoja mmoja, akapokea dawa zake, kisha akauliza kama gari limepona. Baba alianza kueleza habari za konveta, steta na stoli. Bibi alisikiliza kwa heshima ya mzazi, akamkatiza alipofika kwenye birika nne.

"Linabeba mikungu mingapi?" aliuliza.

Ilibebwa mitatu, pamoja na debe la maharage. Jioni, wakati wa kurudi, walipofika pale pa Pasaka mtoto mdogo alibandika uso kwenye kioo. Mawe mawili yalikuwa bado kwenye nyasi, mbali na lami, mvua zikiwa zimeyaosha.

"Yale mawe yetu," alisema.

Mama yake alipunguza mwendo kidogo ili ayaone vizuri, akaweka gia ya 2, na gari likaendelea kushuka kuelekea ziwani.